Tela Litokanalo na Gari Chakavu

Gari dogo la mizigo, kama vile Toyota Hilux, linapochoka, aghalabu injini na kibanda cha dereva ndivyo hutangulia kufa. Nusu ya nyuma hubaki nzima: sanduku la mizigo, springi, ekseli na magurudumu mawili. Fundi huikata chesisi nyuma ya kibanda, akachomelea mkono wa chuma wenye umbo la herufi A, na tela limepatikana. Wapo wasomi wanaoibeza kazi hii. Wamekosea, kwani chuma hicho kilinunuliwa kwa fedha za kigeni, nacho hakistahili kuachwa kiote kutu nyuma ya gereji.

Hata hivyo, tela lililochomelewa kwa ustadi laweza kuua. Mahali pa ekseli palichaguliwa wakati injini ilipokuwa mbele ikiusawazisha mzigo wa nyuma. Chesisi ikatwapo, mizani hiyo huvunjika, lakini ekseli hubaki palepale. Kurefusha mkono wa kuvutia hakuponyi kasoro hii. Yapasa ekseli isogezwe nyuma, au sanduku lisogezwe mbele.

Chukua tela la kilo 600 pamoja na shehena, lenye mita 3 kutoka kwenye ndoano ya kuvutia hadi kwenye ekseli. Kitovu cha graviti kikiwa sentimita 30 mbele ya ekseli, ndoano hubeba kilo 60, yaani sehemu moja ya kumi, kadiri ambayo waundaji wengi huikubali, mradi gari livutalo linaimudu. Kitovu hicho kikiwa sentimita 10 nyuma ya ekseli, ndoano huinuliwa juu kwa kilo 20. Barabarani, mwendo ukizidi, tela la namna hiyo huyumba kushoto na kulia, kila mara kwa upana zaidi, hata likaliburuta gari lenyewe nje ya njia.

Kanuni inayoeleza haya ni ile ya momenti, ambayo mwanafunzi wa sekondari huijaribu kwa rula na vipande vya uzani, akajibu mtihani, kisha akaisahau. Fundi naye, awe wa Gerezani mjini Dar es Salaam au wa Kamukunji mjini Nairobi, hukadiria kwa jicho. Ni aibu kwamba wawili hawa hawakutani. Mizani ya kupimia magunia ikiwekwa chini ya ndoano, tela likiwa limesimama sawa kwenye ardhi tambarare, kazi humalizika kwa dakika chache.

(Fundi atakaye kupunguza uzito kwa kutoa shafti zilizomo ndani ya ekseli ajihadhari. Katika Land Rover za zamani gurudumu halishikiliwi na shafti; katika Hilux hushikiliwa nayo, na shafti ikitolewa gurudumu hutoka pamoja nayo.)

Walimu wa fizikia wangefanya vema kuuliza hivi: katika tela lile la pili, ekseli irudishwe nyuma kwa sentimita ngapi ili ndoano ibebe sehemu moja ya kumi? Uzito wa ekseli yenyewe ukiachwa kando, jibu ni karibu sentimita 44.