Kalori si adui wa mwanamke

Siku hizi kalori ndiyo gumzo, na zaidi harusi ikikaribia. Bi harusi anakula nusu chapati, simu inamwambia kalori za leo zimekwisha, analala na njaa. Kuhesabu si kubaya. Kubaya ni kuhesabu kitu tusichokijua.

Kalori ni kipimo cha joto, basi. Maabara, chakula kilichokaushwa hutiwa kwenye chombo cha chuma chenye oksijeni, chombo kikazungushiwa maji, kisha chakula kikachomwa mpaka kiishe. Joto la maji likipanda, inajulikana chakula kilibeba moto kiasi gani. Kilokalori moja, ambayo sote tunaiita kalori tu, hupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi 1. Lakini tumbo si tanuri. Makapi yanaungua ndani ya chombo. Kwetu sehemu kubwa inapita tu. Ndiyo maana Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, alipima hata kile kinachotoka mwilini (kazi ya watu hiyo!). Hesabu iliyotokana na kazi yake inatumika mpaka leo: gramu 1 ya wanga au protini ni kalori 4, ya mafuta ni 9.

Sasa tupande Lushoto, maana huko ndiko namba hizi zinakogeuka maana. Milima ya Usambara imejaa kabichi, karoti, viazi na peasi, magari yanazishusha Mombo kwenda Tanga na Dar es Salaam. Gramu 100 za kabichi mbichi zina kalori kama 25. Kwa anayeshinda kwenye kiti, ni neema. Kwa mama wa Kisambaa anayepanda mteremko na mzigo kichwani ni kidogo, na kwa mtoto wake mwenye tumbo dogo ni kidogo zaidi. Mtoto anaweza kuzungukwa na kijani kila upande na bado akakosa nguvu.

Tazameni uji. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori kama 360. Lakini uji mwepesi, sehemu moja unga na tisa maji, kikombe cha mililita 250 hakifiki kalori 100. Mtoto kashiba maji. Kijiko cha chai cha mafuta kinaongeza kama 40. Parachichi la kuponda, linalozaa huko huko milimani, lina kama 160 kwa gramu 100. Parachichi hilo hilo bi harusi wetu analikimbia!

Simu nyingi zinahesabu kwa vyakula vya wenzetu. Vya kwetu vimeshapimwa na kukusanywa: mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania. Humo mna pia madini na vitamini, ambavyo kalori haivioni kabisa. Karoti ina kalori chache lakini ina vitamini A tele.

Tunachotaka sisi ni namba hizo zifike kliniki ya mama na mtoto, Lushoto na Unguja, kwa Kiswahili, na mama aelezwe kwa kijiko na kikombe anachokishika kila siku, si kwa gramu.