Mnaonja au Mnakunywa?

Picha zenu naziona: Pinotage ya Afrika Kusini na nyama choma, Malbec ya Argentina na mbuzi, waini nyeupe ya Chile na samaki. "Pasta, tunaonja tu." Haya. Waonjaji wenyewe huizungusha mdomoni kisha huitema kwenye ndoo, wapime chupa nyingi akili ikiwa timamu. Ninyi ndoo yenu iko wapi? Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 14 ina pombe kushinda bia nne za nusu lita zenye asilimia 5. Na msinitajie Timotheo! Paulo alimruhusu kidogo, kwa ajili ya tumbo lake, si kwa ajili ya choma. Eti ni bei nafuu. Kwenye picha ya Jumamosi nimehesabu chupa nne, watu watatu, na funguo za gari kando ya glasi.