Mlima wa Kijani Usio wa Kijani

Yanapofanyika maonesho ya picha za mandhari ya Omani, hakosekani wa kusimama mbele ya turubai na kukata hukumu: haikufanana. Ngome ya Nizwa haina zambarau. Mitende ya Ibra haiinami hivyo. Hukumu hiyo imejaa katika barua zilizofika kwenye meza ya jarida hili, na ndiyo iliyolifanya toleo zima ligeukie mandhari.

Wenye hukumu waulizwe kwanza habari za Jabal Akhdar. Jina maana yake Mlima wa Kijani, na kila aliyeupanda kutokea Birkat al-Mawz anajua kuwa mwamba wake ni chokaa ya kijivu. Kijani kimebanwa kwenye ngazi za mashamba ya waridi na komamanga, mfano wa tarizi shingoni mwa kanzu. Aliyeuita hivyo hakupima eneo. Alitaja kilichomshika macho. Kisha mtu ateremke mpaka Samail, kwenye majabali ya kahawia nzito ambayo zamani yalikuwa sakafu ya bahari. Alfajiri yana wekundu, magharibi yana buluu, na adhuhuri jua huyanyang'anya rangi na vivuli vyote. Anayedai rangi ya kweli aseme ni ya saa ngapi.

Ndiyo sababu mchoraji wa Omani Anwar Sonya, aliyezaliwa 1948, anapewa kurasa nyingi kuliko wengine katika toleo hili. Amechora nyuso na mandhari, kisha akaziachia sura ziyeyuke ndani ya rangi, na wachoraji wengi wadogo wamepita mikononi mwake. Mwaka 2022 Omani ilipopata banda lake la kwanza kwenye Biennale ya Venice, alikuwamo pamoja na Hassan Meer, Budoor Al Riyami, Radhika Khimji na marehemu Raiya Al Rawahi, aliyefariki 2017. Wapo wanaouhesabu usasa wa sanaa ya Omani kuanzia hapo. Marsam al-Shabab, karakana ya vijana, ilifunguliwa 1980, na Jumuiya ya Sanaa ya Omani ikafuata 1993. Wahesabu upya.

Kwa wasomaji wa Kiswahili suala hili lina uzito wa peke yake. Majumba ya al-Munisifeh, Ibra, yalisimama kwa fedha iliyochumwa Afrika Mashariki. Milango yake imeshachorwa, imepigwa picha na kubandikwa kwenye kalenda mpaka imechosha. Mchoraji akiufuata ufa wa ukuta ule unywele kwa unywele, ataupata ufa. Safari ya Unguja iliyoujenga ukuta haitaonekana, wala aliyekwenda asirudi. Hayo yanataka mkono unaothubutu kutia kijani cha karafuu penye udongo mkavu.

Makala ya Falaj Daris, mfereji wa maji ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni ndefu na inastahili urefu wake. Ya Sur inahusu Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa huko 1951. Asiyependa vipimo vya mbao aanzie katikati.

Jalada ni mchanga wa Sharqiya saa sita mchana, umechorwa kwa rangi ya waridi. Mpiga chapa alipiga simu mara mbili kuuliza kama wino umeharibika. Aliambiwa aendelee.