Daktari wa Wananchi Hafunzwi kwa Hotuba Tupu

Shule ya udaktari ilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, taifa letu lilikuwa changa na madaktari wazalendo walikuwa wachache mno. Leo shule hiyo imekua ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na vyuo vingine vimesimama Moshi, Mwanza na Dodoma. Hayo ni matunda ya jasho la mkulima na mfanyakazi, nao wana haki ya kuuliza: daktari huyu anafunzwaje?

Twauliza kwa sababu vyuo vinapozidi kupokea wanafunzi, ni rahisi kuwajaza wote katika ukumbi mmoja, mwalimu akasema, wao wakaandika. Njia hiyo ina manufaa yake, kwani somo moja huwafikia wengi kwa siku moja. Lakini haitoshi. Sisi twashikilia kwamba kikundi kidogo, cha wanafunzi wanane au kumi wanaochambua tatizo la mgonjwa mmoja mbele ya mwalimu wao, kisiachwe kwa kisingizio cha gharama.

Na tuitazame Kibiti. Mama mjamzito wa Kiongoroni au Maparoni, ndani ya Delta ya Rufiji, ashikwa na degedege. Je, ni malaria, au ni kifafa cha mimba? Maji yamekupwa, na mashua haiwezi kupita kati ya mikoko mpaka yajae. Daktari kijana aliyepo hana bingwa wa kumwuliza. Sharti apime shinikizo la damu, mkojo na damu. Aamue dawa ipi itangulie. Amsikilize mkunga anayemjua mama huyo. Hapo hatakiwi kukariri daftari. Atakiwa afikiri, aulize, na akubali kusahihishwa. Mambo hayo hayafunzwi katika ukumbi wa mamia, ambamo asiyejua aweza kujificha na anayejua akanyamaza. Katika kikundi cha watu wanane hakuna pa kujificha.

Wako wasemao kwamba hiyo ni anasa ya nchi tajiri, kwa kuwa Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada ndicho kilichoipa sifa tangu 1969. La hasha! Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Watanzania wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi mbele ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Viongozi wa vikundi hivyo hawakuwa mabingwa. Walifundishwa kwanza namna ya kuongoza mazungumzo. Ikiwa mkulima alijifunza afya kwa kujadiliana, mbona daktari wake afunzwe kwa kunyamaza?

Ni kweli kwamba vikundi vingi vyataka walimu wengi. Basi na waajiriwe. Madaktari, matabibu na wauguzi wenye uzoefu wa wilayani nao wafundishwe kuongoza vikundi, na walipwe kwa kazi hiyo. Kikundi chenye kiongozi asiyetayarishwa hugeuka baraza la porojo, na mwenye mdomo mmoja huwafunika wenzake. Tena matatizo yanayojadiliwa yatoke Kibiti na wilaya kama hiyo, si katika vitabu vya ng'ambo pekee.

Ndugu wanachama, fedha za vyuo zinapojadiliwa, wawakilishi wetu wasiulize tu ni madaktari wangapi watahitimu. Waulize pia kila mwalimu ana wanafunzi wangapi. Wingi wa vyeti hautamfaa mama wa Delta, kama mwenye cheti hakufunzwa kufikiri.