Kazi na Wafanyakazi: Jasho la Fundi na Wajibu wa Mwenye Nyumba

Hakuna kazi inayoonekana upesi na kusifiwa upesi kama kazi ya ujenzi. Mkulima aliyeuza kahawa au chai yake miaka kadha wa kadha, akapata fedha za kutosha, jambo la kwanza alifikirilo ni nyumba ya mawe badala ya ile ya udongo. Karani aliyekopa katika chama chake cha akiba naye hununua kiwanja pembeni mwa mji, akajenga vyumba vya kupangisha ili siku ya kustaafu asiwe mzigo kwa watoto wake. Hayo ni mambo mema, na nchi husitawi kwayo. Lakini nyumba ikiisha kupakwa rangi, watu humpongeza mwenyewe. Wachache huuliza habari za wale waliobeba mawe, na ni wachache zaidi wanaojua kama wote walioianza kazi waliimaliza wakiwa na viungo vyao kamili.

Ujenzi ni mojawapo ya kazi zenye hatari kubwa kabisa ulimwenguni, na ajali inayoua wajenzi wengi ni kuanguka kutoka juu. Jambo hili halihusu majumba marefu ya Nairobi na Mombasa peke yake. Fundi anayepiga lipu ukuta wa nyumba ya kawaida, akisimama juu ya ubao mmoja uliowekwa juu ya mapipa mawili, yumo katika hatari ile ile. Maana mtu hahitaji kuanguka kutoka ghorofa ya kumi ili avunjike uti wa mgongo. Mita mbili au tatu zatosha. Jukwaa jema lina miti mizima isiyoliwa na mchwa, limefungwa barabara lisiyumbe, lina mbao zilizopangwa pamoja bila mwanya, na lina mti wa kumzuia mtu kiunoni upande wa nje. Baada ya mvua kubwa au upepo mkali hukaguliwa tena kabla ya mtu kupanda. Miti hiyo haipotei bure, kwa kuwa kazi ikiisha yaweza kujengea boma la ng'ombe.

Hatari ya pili iko chini ya ardhi, na yafaa mkulima aijue kuliko mtu wa mjini, kwa kuwa yeye huchimbisha visima na mashimo ya choo. Udongo unaojaa mita moja ya ujazo huwa na uzito wa tani moja na nusu hivi. Kuta za shimo zikimwangukia mtu kifuani hawezi kupumua, hata kama kichwa chake ki nje. Kwa hiyo shimo refu hutegemezwa kwa mbao, au kuta zake hukatwa kwa mteremko, na udongo uliochimbwa hutupwa mbali na ukingo. Tena, katika kisima kirefu na katika shimo la maji machafu hewa huweza kuwa ya kuua pasipo mtu kuiona. Mchimbaji huzimia, mwenziwe humwona, akashuka mbio kumwokoa, naye akaanguka juu yake, wa tatu akafuata. Hivyo ndivyo nyumba moja iwezavyo kupoteza watu watatu kwa muda wa saa moja. Aliye juu asishuke kamwe pasipo vifaa vya kupumulia. Na kila ashukaye afungwe kamba mwilini tangu mwanzo, ncha yake ikishikwa na watu walio juu, ili aweze kuvutwa bila mwingine kuingia.

Ziko hatari nyingine ambazo haziui kwa siku moja, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Saruji mbichi huchoma ngozi polepole, na fundi anayepiga magoti juu yake mchana kutwa huona jeraha jioni, wakati ambapo limekwisha kuingia ndani. Wengine ngozi yao huikataa saruji kabisa baada ya miaka, ikawasha na kupasuka hata wasiweze kushika mwiko. Vumbi la mawe nalo huwa na chembe za silika zisizoonekana kwa macho. Zikivutwa kwa miaka mingi huyatia mapafu makovu, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Tena aliye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko watu wengine. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Kifaacho ni kulilowesha jiwe maji wakati wa kulikata, na kuvaa barakoa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mfuko wa saruji wa kawaida una kilo 50. Kijana huubeba akicheka, lakini mgongo huweka hesabu yake, nayo hudaiwa uzeeni.

Adui mwingine wa mjenzi na wa mpangaji pia ni haraka iliyochanganyika na ubahili. Wasomaji watakumbuka mkasa wa tarehe 23 Januari 2006, wakati jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Nairobi lilipoporomoka juu ya mafundi na vibarua. Zaidi ya watu 10 wakafa na wengine wengi wakajeruhiwa. Miaka 10 baadaye, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, nyumba ya kupangisha ya ghorofa sita huko Huruma ilianguka wakati wa mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha yao. Nyumba hiyo ilikuwa kando ya mto, tena ilikuwa imekwisha kutiwa alama ya kubomolewa.

Sababu za maafa ya namna hiyo zajulikana. Saruji hupunguzwa, mchanga huwa na udongo, maji huzidishwa ili zege likorogeke kwa wepesi, nondo huwa nyembamba, na ghorofa huongezwa juu ya msingi usiopimwa kwa uzito huo. Zege sharti linyweshwe maji kwa siku 7 kwa uchache, na kwa desturi ya wahandisi nguvu zake hupimwa likiwa la siku 28. Mwenye jengo anayeamuru miti ya kutegemeza iondolewe mapema, ili wapangaji waingie kabla ya mwisho wa mwezi, ameokoa kodi ya siku chache na kuweka rehani roho za watu. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, na pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi ingefaa kuongeza kwamba wako walioukosa wasaa wa kuujenga tena.

Sheria haikunyamaza juu ya mambo haya. Kenya ilikuwa na Sheria ya Viwanda tangu 1951, na mwaka wa 1984 zikaongezwa kanuni zinazohusu kazi za ujenzi hasa. Mwaka wa 2007 ikapitishwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini iliyochukua mahali pa ile ya kale, pamoja na sheria nyingine ya fidia kwa wanaoumia kazini. Mwaka wa 2011 ikapitishwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huandikisha makontrakta na kutoa vyeti kwa mafundi wenye ujuzi. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, yampasa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pale mpaka hatari iondolewe. Mwajiri hupaswa kuwa na bima ya wafanyakazi wake. Mtu akifa kwa ajali ya kazi, au akilemazwa kabisa kwa maisha yake yote, fidia yake ni sawa na mapato ya miezi 96. Lakini madai hayo hupelekwa kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali, na jamaa wasiojua jambo hili huweza kuikosa haki yao kwa kungoja ahadi za maneno matupu.

Wako wanaodhani kwamba sheria hizo ni za makontrakta wakubwa tu. Sivyo. Mtu aliyewaajiri vibarua mwenyewe kwa ujira wa siku, akawapangia saa ya kuanza na kazi ya kufanya, amekuwa mwajiri, hata kama jengo lake ni la vyumba vinne. Tena Sheria ya Kazi ya 2007 yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa mtu wa siku moja. Hupata haki za mfanyakazi wa mshahara wa mwezi.

Hata hivyo afya ya fundi si mifupa yake peke yake. Kibarua huamka kabla ya alfajiri, akatembea mwendo mrefu hadi lango la kazi, akasimama na wenzake akingoja nyapara achague. Asiyechaguliwa hurudi mikono mitupu. Mvua ikinyesha hakuna kazi, na pasipo kazi hakuna ujira. Mkewe na watoto wako mashambani wakingoja karo na unga. Jumamosi ikifika, huambiwa fedha hazijatoka na asubiri Jumatatu. Naye hawezi kumwambia mwenye duka wala mwenye chumba kwamba nao wasubiri. Katika hali hiyo wengine huingia katika ulevi, na asubuhi hupanda jukwaa miguu ikitetemeka. Wengine hunyamaza tu, na huzuni ikawala ndani kwa ndani.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Huko Uingereza uchunguzi wa vifo vya miaka ya 2011 hadi 2015 ulionyesha kwamba hatari ya kujiua kwa vibarua wanaume wa ujenzi ilikuwa mara tatu au zaidi ya ile ya wanaume kwa jumla. Katika Australia, tangu 2008, uko mpango wa kuwafundisha wajenzi wenyewe kumtambua mwenzao aliyelemewa na mawazo, kumsikiliza, na kumpeleka kwa mwenye ujuzi. Katika Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai kwa miaka mingi, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Basi aliyevunjika moyo hana sababu tena ya kuogopa kortini akitaka msaada. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, na maradhi ya moyo yamo katika methali hiyo.

Mwenye nyumba afanye nini basi? Kwanza, kabla ya kuchimba msingi atafute ramani iliyokubaliwa na wakuu wa kaunti, na fundi mwenye cheti. Pili, katika hesabu ya mawe na saruji atie pia bei ya kofia ngumu, buti, glavu na barakoa. Vitu hivyo ni sehemu ya jengo kama vile mlango ulivyo sehemu yake. Tatu, aweke maji safi ya kunywa, choo, kivuli cha kupumzikia, na sanduku la dawa. Nne, alipe siku aliyoahidi, pasipo kuzungushana. Tano, aweke daftari la majina, siku na ujira. Katika jambo la tano karani aweza kuwa msaada mkubwa kwa jirani zake: ajali ikitokea, aandike mara moja saa, mahali, majina ya mashahidi na ujira wa aliyeumia, na amsaidie kupeleka habari kwa ofisi ya usalama kazini. Karatasi moja iliyoandikwa siku ile yaweza kuwalisha mayatima.

Fundi naye ana wajibu wake. Vifaa alivyopewa avivae, asivitundike ukutani kwa kuona kwamba ujuzi wake watosha. Asipande akiwa amelewa, asimcheke kijana anayeuliza kama jukwaa li imara, na ajiandikishe katika bima ya afya ya jamii iliyochukua mahali pa ile ya zamani Oktoba 2024. Nyapara akimwona mtu aliyekuwa mcheshi amekuwa mkimya, amwite kando na kumwuliza habari za nyumbani. Maneno machache kama hayo huweza kumrudisha mtu.

Nyumba nzuri ni fahari ya mwenyewe na ya kijiji chake. Ukuta hupimwa kwa timazi ili ujulikane kama umesimama sawa. Mwenye nyumba naye hupimwa kwa jambo moja: kama wale waliompandishia ukuta huo waliweza kurudi makwao jioni, wazima, na ujira wao mfukoni.