Wanaofukuzwa Ndio Kanisa Lenyewe

Julai 2025, Askofu Alberto Rojas wa San Bernardino, California, aliwaondolea baadhi ya waumini wake wajibu wa kuhudhuria Misa ya Jumapili. Hapakuwa na tauni wala mafuriko. Walioruhusiwa kubaki nyumbani ni wanaoogopa kukamatwa na maofisa wa uhamiaji. Hofu hiyo ina msingi: tarehe 20 Januari mwaka huohuo, siku aliyoapishwa Donald Trump, serikali ilifuta mwongozo ulioandikwa mwaka 2021 uliowawekea maofisa hao mipaka ya kukamata watu makanisani, shuleni na hospitalini.

Mkristo anapoogopa kwenda kusali, Kanisa lote lilipaswa kupiga yowe. Badala yake, wachungaji wengi wa Marekani wana jibu moja: sheria ni sheria. Paulo aliwaagiza Warumi watii mamlaka, na nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Sawa. Haki hiyo haijakanwa hata na maaskofu Wakatoliki, ambao Novemba 2025 walipinga ufukuzaji wa halaiki kwa kura 216 dhidi ya 5.

Kinachoniudhi ni kwamba wakali na wenye huruma wote wanazungumza kana kwamba Kanisa ni mwenye nyumba na mhamiaji ni mgeni anayepiga hodi. Ripoti iliyotolewa Machi 2025 na maaskofu haohao pamoja na Wakristo wa Kiinjili inasema vingine. Wakristo zaidi ya milioni 10 wako hatarini kufukuzwa Marekani. Kati ya kila watu 5 walio hatarini, 4 ni Wakristo. Mkristo 1 kati ya 12 nchini humo ama yumo hatarini mwenyewe, ama anaishi nyumba moja na aliye hatarini. Kwa hiyo tunamzungumzia katekista, mwanakwaya, mama anayefagia kanisa kila Jumamosi. Hodi walishapiga zamani, wakakaribishwa, wakabatizwa.

Makamu wa Rais J.D. Vance, naye Mkatoliki, alijaribu kuipa sera ya ufukuzaji teolojia: mtu apende kwanza jamaa yake, kisha jirani, kisha wananchi wenzake, ndipo walimwengu. Papa Fransisko aliwaandikia maaskofu wa Marekani Februari 2025, akawarudisha kwa Msamaria Mwema. Mimi ningemkubalia Vance mpangilio wake, kisha nimwombe aufuate. Baba anayetiwa pingu huku wanawe waliozaliwa Marekani wakibaki nyuma, si jamaa ya mtu? Na anayepiga magoti ubavuni mwako kila Jumapili, kama si jirani ni nani? Ukianza na walio karibu, unaanza na hawahawa.

Halafu tunaambiwa Kanisa lisiingie siasa! Zaka ya mhamiaji huyu ilipokewa bila kuulizwa kibali cha kuishi nchini. Ndoa yake ilifungwa, mtoto wake akabatizwa, na hesabu ya washirika ilipopelekwa makao makuu naye alihesabiwa. Siasa imeingia lini, siku aliyokamatwa? Mchungaji anayeshikilia kwamba hayamhusu afungue daftari lake la ushirika Jumapili ijayo, asimame mbele ya waumini, na asome kwa sauti majina ya wale ambao si ndugu zake.