Rangi Mpya, Ukuta wa Zamani

Wamezuka miongoni mwetu wawekezaji wa Jumamosi. Wananunua kijumba cha miaka ya 1950 kule Blacktown au Fairfield, wanaita binamu zao na nyundo, na kufikia Jumatatu kuna rangi nyeupe, sinki jipya na kodi iliyopanda. Mpangaji? Mara nyingi ni mwenzetu aliyefika juzi, asiyejua la kuuliza.

Basi sisi tunauliza: ukuta ule mliouvunja ulikuwa wa nini? Nyumba nyingi za wakati ule Sydney magharibi zilijengwa kwa bodi za asbesto, ndugu yake yale mapaa ya shule zetu nyumbani. Australia iliipiga marufuku kabisa tarehe 31 Desemba 2003, lakini marufuku haikubomoa nyumba. Bodi nzima ikiachwa haina neno. Ikivunjwa, vumbi lake huingia mapafuni, na saratani huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Sheria ya New South Wales haimruhusu asiye na leseni kuondoa zaidi ya mita 10 za mraba. Binamu ana leseni ya teksi.

Msituambie ukaguzi ni ghali, nanyi mnajua bei ya vigae vya bafuni hadi senti ya mwisho! Kipande kipelekwe maabara kabla ya kutia saini, na gharama ya kuondoa asbesto mkaidai kwenye bei ya nyumba. Waliokwisha kuvunja wamwambie mpangaji leo, kabla hajawalaza watoto chumba kile tena.